Deni Haliitwi Zawadi

Miongoni mwa maneno yaliyoshamiri katika hotuba na taarifa za ofisini kwa miaka ya karibuni, neno "uwajibikaji" linatumika sana na kupimwa kidogo. Msomaji atalikuta kwenye bango la benki, kwenye kalenda ya kampuni ya simu, na kwenye fulana wanazovaa vijana siku ya kufanya usafi ufukweni. Mimi nimefundisha Kiswahili na hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, nikawa mkuu wa shule, na mwisho nikawaandaa walimu katika chuo cha ualimu. Kazi hiyo imenizoesha kulitazama neno kama mwalimu anavyoitazama insha ya mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko ni jambo jema, lakini haumzuii mwalimu kuuliza: umesema nini hasa?

Shina la neno hili ni wajibu, na wajibu si jambo la hiari. Hata mtoto wa madrasa anajua kutenganisha faradhi na sunna. Ya kwanza ukiiacha una dhambi, ya pili ukiifanya una thawabu. Wala hakuna anayesifiwa kwa wingi wa sunna ilhali ameziacha faradhi. Katika siasa yetu neno hili lilipata uzito zaidi. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya raia vilivyotokea mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Hata hivyo wananchi walisema kwamba Mwinyi "amewajibika", na tangu hapo Mtanzania akisikia kiongozi fulani awajibike, haelewi kwamba agawe vyandarua. Anaelewa kwamba ajibu, na ikibidi alipe kwa cheo chake.

Sasa tazama neno hilo hilo likiingia katika biashara. "Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii" umekuwa na maana ya madawati, mipira, matangi ya maji, miche ya miti na mbuzi wa sikukuu. Wengine wameufupisha zaidi na kuuita "kurudisha kwa jamii". Naupenda msemo huu kuliko wanavyoupenda wenyewe, kwa sababu una ukweli ambao hawakuukusudia. Mtu hurudisha alichochukua. Basi anayesema anarudisha amekwisha kukiri kwamba alichukua, na swali la kwanza la mwalimu wa hesabu ni jepesi: ulichukua kiasi gani? Nimesoma taarifa nyingi za namna hii, zenye karatasi ya kung'aa na picha za watoto wanaocheka. Aghalabu upande wa kilichorudishwa umejazwa vizuri, na upande wa kilichochukuliwa umeachwa mtupu. Hesabu ya upande mmoja si hesabu.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine, maana tulianza zamani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, 62 tu ilifika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache nchi ilikuja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika takribani tani 230,000. Reli, bandari, maghala na nyumba nyingi za mji wetu zina deni kwa mmea ule. Kamba zilizofunga mizigo katika bandari za Ulaya zilisokotwa kwa singa za Muheza, Korogwe na Pangani.

Mashamba yale yalikuwa na zahanati, shule na viwanja vya mpira. Ungewauliza mameneja wa wakati ule, wangekuambia kwamba wanaijali jamii, na kwa kiasi fulani wangekuwa wamesema kweli. Lakini waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa manamba. Walikusanywa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kutoka mwaka 1944 wakaajiriwa kwa wingi kupitia ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU. Mtu aliacha jina lake kwao akapewa namba, na siku zake zikahesabiwa katika kipande. Zahanati ilimtibu ili kesho arudi kukata mkonge. Sisemi kwamba zahanati ilikuwa mbaya. Aliyepona malaria alipona kweli. Nasema kwamba zahanati haikuwa jibu la swali la mshahara, na mwenye shamba alijua kuwa maswali hayo ni mawili.

Kuna na swali la tatu, ambalo enzi hizo halikuulizwa kabisa. Jani la mkonge likipita katika korona, singa inayopatikana ni sehemu 2 hadi 4 tu kati ya 100. Zilizobaki ni maji machungu na makapi. Kwa miaka mingi uchafu ule ulielekezwa mitoni, na waliokaa chini ya mkondo walijua kwa harufu siku ambayo korona imefanya kazi. Gharama ile haikuandikwa katika kitabu chochote cha kampuni. Iliandikwa katika maji ya watu wengine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba, na napenda niwe mkweli hapa: mwenye mali alibadilika, mto haukubadilika. Kampuni ya umma nayo ilimwaga makapi pale pale. Kwa hiyo wanaodhani kwamba ubaya huu unakuja na ngozi ya mwekezaji wanakosea. Unakuja pale ambapo anayelipa gharama hana mahali pa kudai.

Ilichukua zaidi ya karne moja tangu Hindorf mpaka makapi hayo yapewe thamani. Ni katika miaka ya 2000 ndipo Kampuni ya Katani, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda na wengine, ilijenga pale Hale mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko madawati. Hapo kampuni haikutafuta jambo jema la kufanya pembeni ya biashara yake. Iliutazama uchafu wake yenyewe ikauliza ufanywe nini. Uwajibikaji unaoanzia ndani ya korona una maana kuliko ule unaoanzia kwa mpiga picha.

Nimetaja madawati, nami nina kisa chake. Miaka mingi iliyopita kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilituletea shuleni madawati arobaini. Tulikuwa na watoto wanaokaa sakafuni, kwa hiyo tuliyapokea kwa mikono miwili. Kila dawati lilikuwa limeandikwa ubavuni jina la kampuni kwa rangi nyekundu. Mgeni rasmi alikuja, kwaya ikaimba, picha zikapigwa. Katika kwaya ile walikuwamo watoto niliowajua kwa majina, ambao baba zao walikuwa vibarua wa kampuni hiyo hiyo na walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Siku ya pili mmoja wao, wa darasa la sita, alinifuata mlangoni. "Shikamoo, mwalimu. Madawati haya yamenunuliwa kwa pesa za akina baba?" Nilimwambia kwamba swali lake ni la hesabu, na kwamba jibu lake limo katika vitabu vya kampuni, ambavyo mimi na yeye hatukuonyeshwa.

Mtoto yule alikuwa amegusa kiini cha jambo. Zawadi huchaguliwa na mtoaji: yeye huamua nini, kiasi gani, lini na mbele ya nani. Deni halichaguliwi na mdaiwa. Lina kiasi chake na siku yake, na mwenye kudai ana haki ya kubisha hodi. Kampuni ikiligeuza deni kuwa zawadi, imejipatia faida mbili kwa mara moja: imelipa pungufu, na imeshukuriwa. Nasi tunaopokea tumezoea kushukuru kabla ya kuhesabu. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Leo mkoa wetu umo katika mtihani mkubwa zaidi ya ule wa mkonge, nao ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki. Bomba hili linaanzia Hoima nchini Uganda na kuishia rasi ya Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga. Urefu wake ni kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta na huganda, ni lazima yapashwe moto njia nzima. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ina hisa 62 katika kila 100, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, na kampuni ya Kichina ya CNOOC ina 8. Upande wa Tanzania peke yake, zaidi ya watu 9,000 walipoteza ardhi au sehemu ya ardhi, wengi wao shamba na si nyumba.

Sina nia ya kuamua hapa kama bomba ni jema au baya. Nataka kuyasoma maneno yake. Wenye mashamba hayo wanaitwa "walioguswa na mradi". Tafadhali, msomaji, litafakari neno hilo. Mtu huguswa begani na rafiki. Huguswa moyo na wimbo. Aliyeng'olewa minazi yake hakuguswa. Kadhalika taarifa za miradi mikubwa hupenda kumwita mtu huyo huyo "mnufaika" anapojengewa nyumba. Upande wa Tanzania zimejengwa nyumba mbadala zaidi ya 300, na chakula cha mpito kimegawiwa kwa waliopoteza mashamba. Hayo ni mambo mazuri, na nyumba hizo aghalabu ni imara kuliko zilizobomolewa. Lakini Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na mradi wenyewe umetangaza kwamba unafuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa la kundi la Benki ya Dunia, ambavyo vinataka aliyehamishwa asiachwe katika hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo. Basi nyumba ile ni malipo. Aliyeipokea si mnufaika, ni mdai aliyelipwa. Tofauti hii si ya wanasarufi tu. Mdai akiona ufa ukutani, au akiona malipo yamechelewa, anarudi kudai. Mnufaika akirudi anaambiwa hana shukrani.

Na kuchelewa ndiko kulikoumiza wengi. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya Julai 2023 kuhusu upande wa Uganda, liliandika kwamba fidia ilichelewa kwa miaka na kwamba haikutosha. Mkulima wa pwani yetu ataelewa bila kusomewa taarifa. Mnazi huchukua miaka sita au saba kuzaa vizuri. Ukishathaminiwa leo na kuambiwa usipande kingine cha kudumu, kisha ukalipwa baada ya miaka mitatu kwa bei ya leo, umepoteza mnazi na umepoteza miaka. Kampuni, kwa upande wake, mwezi Januari 2024 ilimpa Lionel Zinsou, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Benin, kazi ya kuitathmini namna ardhi ilivyotwaliwa. Hatua hiyo nisingeibeza. Nauliza tu: mtahini aliyeteuliwa na mtahiniwa, matokeo yake tuyapokee vipi?

Watu walikwenda mahakamani pia. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2017 inayozitaka kampuni zake kubwa kuandika na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira, hata ng'ambo. Sheria hiyo ilisukumwa na msiba wa jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililoanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua washonaji zaidi ya 1,100. Mashirika ya Ufaransa na Uganda yalimshitaki TotalEnergies kwa sheria hiyo, na tarehe 28 Februari 2023 mahakama ya Paris ilikataa shauri kwa sababu za utaratibu. Miezi michache baadaye Waganda 26 walifungua shauri jingine la kudai fidia. Arusha nako, Mahakama ya Afrika Mashariki, katika ngazi ya kwanza, ililitupa shauri la bomba mwezi Novemba 2023 kwa hoja kwamba lilifunguliwa nje ya muda. Sina ugomvi na majaji. Saa ni saa. Lakini katika hukumu zote mbili hoja yenyewe haikupimwa. Ni kama mwanafunzi aliyeleta daftari mlangoni akaambiwa kengele imekwisha kulia. Daftari halijasahihishwa, na mwanafunzi hajui kama amepata au amekosa.

Hapa nitapingwa, tena kwa haki. Nitaambiwa kwamba Ulaya ilijenga utajiri wake kwa makaa na mafuta, na sasa inatukataza sisi. Kwamba Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya mradi mwezi Septemba 2022 halikumuuliza mvuvi wa Chongoleani. Kwamba vijana wetu wamepata kazi na ufundi. Yote hayo nayakubali. Wako wanaharakati wa mbali wanaomzungumzia mkulima wa Kiafrika kana kwamba hana ulimi, na katika hilo hawatofautiani sana na kampuni wanayoishutumu. Benki kadhaa kubwa za Ulaya zilisema hazitatoa mikopo. Mwezi Machi 2025 mradi ukatangaza mkopo wake wa kwanza kutoka nje, na miongoni mwa waliotoa zikawemo Afreximbank na benki nyingine za Afrika. Haya, sasa fedha ni zetu na mashirika yetu ya umma yana hisa. Ndiyo maana hatuwezi tena kumwelekezea mgeni vidole vyote. Serikali yenye hisa ni mdaiwa pia, na ndiyo hiyo hiyo anayoitegemea mdai kumlinda. Kofia mbili katika kichwa kimoja zinahitaji macho ya watu wengi.

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa uliidhinisha misingi iliyoandaliwa na Profesa John Ruggie: serikali ilinde, kampuni iheshimu, na aliyeumizwa apate pa kupatia haki yake. Ni misingi mitatu, na katika orodha hiyo hakuna mpira wala dawati. Hapa kwetu Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali husika. Hiyo ni hatua, kwa maana jambo limetolewa katika hiari likaingizwa katika sheria. Lakini hatari ni kwamba sheria nzuri inaweza kutulia katika tabia ile ile ya zamani: orodha ya madarasa na zahanati, bila neno juu ya vumbi, maji na mishahara.

Kwa hiyo ningependa diwani, mwalimu na mzee wa kijiji wanapoletewa taarifa ya kung'aa waisome kwa maswali matatu. Kwanza, katika haya yaliyoorodheshwa, yapi yalikuwa deni kwa mujibu wa sheria au mkataba? Hayo yaondolewe katika hesabu ya ukarimu. Pili, nani amesema katika taarifa hii: yuko aliyehamishwa anayezungumza kwa maneno yake, pamoja na malalamiko, au kuna picha yake tu? Tatu, mambo yakiharibika, mtu wa Chongoleani au wa Muheza atakwenda mlango gani, kwa lugha gani, na atajibiwa ndani ya siku ngapi? Taarifa isiyojibu la tatu ni tangazo la biashara, na ipewe alama za tangazo.

Bahari nayo ina deni lake, na haina diwani. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka zama za kale hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Pale Chongoleani yamepangwa matangi yenye uwezo wa kuhifadhi mapipa milioni 2, na gati la kupakilia meli kubwa. Siku moja ya uzembe haiwezi kulipwa kwa mikoko elfu kumi itakayopandwa na wanafunzi mbele ya kamera. Mpango wa kuzuia mafuta kumwagika, vifaa vyake, na majina ya watakaokesha zamu, hivyo ndivyo nitakavyovihesabu kuwa uwajibikaji kwa bahari.

Sikatai zawadi. Kampuni iliyolipa mishahara kwa wakati, ikalipa kodi na fidia, ikasafisha maji yake, kisha ikatupa madawati, nitaipokea kwa shukrani wala sitatazama rangi iliyoandikiwa jina. Hiyo imeswali faradhi, sasa inaswali sunna. Ila mpangilio usigeuzwe. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni hotuba, wala picha, wala kalenda ya mwaka mpya.